Roboti imelala tena: kutibu kazi za otomatiki kwenye kompyuta isiyo na seva

Simu huingia asubuhi, kabla chai haijapoa. «Kaka, ile mashini yako haijatoa ripoti.» Mashini yangu, wanasema, ingawa kompyuta ni yao, depo ni yao, na aliyechomoa waya ili achaji simu ni mtoto wao. Nimeizoea simu hiyo. Nimezunguka Ibanda, Kadutu na Bagira na flashi mfukoni kiasi kwamba kabla sijashuka kwenye pikipiki huwa nimeshaukisia ugonjwa.

Hapa Bukavu wengi wetu tunazijengea kazi za otomatiki kompyuta moja tu, ile iliyo pembeni ya kaunta. Inasoma faili za mauzo, inajaza fomu, inachapa faktire (ankara), inaandaa ripoti ya usiku. Seva kuu hakuna. Penye seva, yenyewe ndiyo inayoamsha kazi kwa wakati, inayokumbuka kazi ilipoishia, inayotunza nywila na inayoandika kilichotokea. Pasipo seva, yote manne yanaiangukia kompyuta ya kaunta, yenye Windows ya Kifaransa, delestaji (umeme kukatwa kwa mgao) na mega za mtandao za kupimwa. Hitilafu nyingi nilizowahi kuitiwa zilianzia pale ambapo mojawapo ya kazi hizo nne haikupewa mtu.

## Kabla ya kugusa chochote

Usiendeshe kazi upya. Kama ilifika nusu, unaweza kuirudia nusu ile, na uharibifu wake tutauona huko chini. Uliza kwanza mambo matatu: umeme ulikatika saa ngapi, nani ameitumia kompyuta tangu hapo, na nini kimebadilishwa juzi au jana (nywila, printa, Windows kujisasisha). Tazama saa ya kompyuta uilinganishe na ya simu yako. Halafu fungua logi, faili ambamo kazi inaandika ilichofanya.

Kama kazi yako haina logi, umeshapata hitilafu ya kwanza. Inatosha faili moja ya maandishi, mstari mmoja kwa kila hatua, tarehe na saa mbele ya kila mstari. Anayekupigia simu atakuambia «hakuna aliyegusa», na atakuwa anaamini kabisa anachosema.

## Dalili: kazi haikuanza kabisa

Sababu inayoongoza kwa mbali hapa kwetu ni umeme, lakini kwa njia ambayo watu hawaitegemei. Kompyuta ilikuwa inawaka. Laptopu ilikuwa na betri. Kazi haikuanza kwa sababu Windows yenyewe iliizuia. Ukitengeneza kazi kwenye «Planificateur de tâches», programu ya Windows inayoamsha kazi kwa saa, kichupo cha «Conditions» huja tayari kimewekwa alama kwamba kazi ianze tu ikiwa kompyuta imechomekwa kwenye umeme, na isimamishwe ikihamia kwenye betri. Waliopanga hivyo huenda walifikiria mtu aliye safarini. Sisi tumekaa ofisini, delestaji imeingia saa 19:00, laptopu ina saa tatu za betri, na kazi ya 20:00 inakataa. Toa alama zote mbili. Mimi hufanya hivyo siku ya kwanza, kabla hata ya kujaribu kazi yenyewe.

Sababu ya pili: saa ilipofika, kompyuta ilikuwa imezimwa au imelala. Kwenye kichupo cha «Paramètres» kuna mstari unaoruhusu kazi ianze mapema iwezekanavyo ikiwa saa yake ilipita, na huja bila alama. Weka alama. Kama kompyuta hulala tu bila kuzimwa, pale kwenye «Conditions» kuna pia ruhusa ya kuiamsha ili kazi ianze.

Ya tatu ni nywila. Umechagua kazi iendeshwe hata kama hakuna aliyeingia kwenye akaunti, Windows ikakuomba nywila, ukaiandika. Baada ya miezi miwili mwenye kompyuta kabadilisha nywila, na kazi bado imeshika ile ya zamani. Safu ya matokeo ya mwisho itaonyesha 0x8007052E, yaani jina au nywila haikubaliki. Kuna pacha wake anayesumbua zaidi: mwenye kompyuta anajua PIN yake ya tarakimu nne tu na nywila alishaisahau. Planificateur haipokei PIN. Mtaandika mara kumi, itakataa mara kumi.

Ya nne inawapata wanaotumia PowerShell, lugha ya amri ya Windows. Windows ya kawaida huja ikiwa imekataza skripti (faili za amri) zote, na ukiendesha kwa mkono utaona ujumbe kwamba «l'exécution de scripts est désactivée sur ce système». Andika hivi ukiwa kwenye akaunti itakayoendesha kazi:

Set-ExecutionPolicy -Scope CurrentUser RemoteSigned

Kama faili ilishushwa mtandaoni au ilikuja kwa barua pepe, Windows imeipiga muhuri wa mgeni. Uondoe kwa Unblock-File na jina la faili. Kuna anayeshauri kufungulia kompyuta nzima kila skripti. Usimfuate. Flashi zetu zinapita kwenye sekretaria za kuchapisha, na kinachorudi nazo unakijua.

Namba nyingine za kukariri: 0x41303 ni kazi ambayo haijawahi kuanza, 0x41301 ni kazi inayoendelea hata sasa, 0x2 ni faili isiyoonekana. 0x1 haina maana moja. Ni skripti yako imelalamika, kasome logi.

Wenye Linux: cron, kiamsha kazi cha huko, hairudii kazi iliyopitwa na saa wakati kompyuta imezimwa. Tumia anacron, au taima ya systemd yenye Persistent=true.

## Dalili: inaanza saa isiyo yake

Uliza kwanza swali la kijinga: mwenye duka aliposema «saa mbili usiku», wewe uliandika nini? Nimekuta 02:00 kwenye mpango wa kazi, na aliyeandika alikuwa anaapa kwamba ndivyo alivyoambiwa. Siku hizi naandika 20:00 kwenye karatasi, namwonyesha, anatikisa kichwa, ndipo naandika kwenye kompyuta.

Kama saa iliandikwa sawa lakini kazi inapishana kwa saa moja kamili, angalia kanda ya saa. Bukavu, sawa na Goma na Lubumbashi, iko UTC+2. Kinshasa iko UTC+1. Kompyuta iliyotayarishwa Kinshasa ikapakiwa kuja huku hubaki na saa ya huko, na mtu huirekebisha kwa kusogeza mishale badala ya kubadilisha kanda. Saa ya ukutani inaonekana sawa, ndani imepotoka. Ikipata mtandao inajisahihisha, na kila kitu kinarudi nyuma saa moja.

Ugonjwa wa kanda ya Ulaya ndio unaonifurahisha kuutibu, maana unamchanganya kila mtu. Kompyuta nyingi za mtumba zinatoka Ubelgiji na Ufaransa, na zinabaki na kanda ya Brussels na Paris. Wakati wa kiangazi cha huko, kanda hiyo ni UTC+2, sawa kabisa na yetu. Miezi saba kazi inakwenda vizuri. Jumapili ya mwisho ya Oktoba Ulaya inarudisha saa nyuma, na Jumatatu unapigiwa simu kwamba «mashini imechelewa bila sababu». Jumapili ya mwisho ya Machi inapona yenyewe, na aliyeigusa siku hiyo anajisifu kwamba ameitengeneza. Chagua kanda ya UTC+2 yenye majina ya Harare na Pretoria, zima mabadiliko ya kiangazi kama yapo, na Oktoba utalala.

Kama kompyuta imerudi nyuma miaka mingi, hiyo ni betri ndogo ya ubao mama, mara nyingi CR2032, imekufa. Kila delestaji inaifuta saa. Dalili za pembeni zinakusaidia: tovuti zote zinakataa kwa ujumbe wa NET::ERR_CERT_DATE_INVALID, na skripti za Python zinadai cheti bado hakijaanza kutumika. Watu hununua mega wakidhani mtandao ndio mbovu. Kwenye kompyuta ya mezani, zima, chomoa waya, badilisha betri, ingia upya kupanga saa. Kwenye laptopu nyingi inabidi kuifungua yote, mpe fundi.

Mpaka betri ipatikane, kinga skripti yako: ikiamka ikakuta tarehe ya leo iko nyuma ya tarehe ya mstari wa mwisho wa logi, iache kazi na iandike kwa nini. Ripoti iliyokosekana utaifidia asubuhi. Ripoti yenye tarehe ya uongo ikishaingia kwenye mahesabu, kuitafuta ni kazi ya wiki.

## Dalili: nikiiendesha kwa mkono inakubali, ikijiendesha inakataa

Sababu ya kwanza ni folda ya kuanzia. Ukibofya mara mbili, skripti inaanzia kwenye folda yake. Planificateur ikiiamsha, inaanzia C:\Windows\System32, na ile mauzo.csv uliyoiandika bila njia kamili haipo huko. Kwenye kichupo cha «Actions» kuna kisanduku cha «Démarrer dans», kimeandikwa kwamba ni hiari. Kwangu mimi si hiari. Jaza njia kamili, bila alama za nukuu hata kama njia ina nafasi ndani yake.

Ya pili ni herufi za diski. Diski ya mtandao uliyoipa herufi Z: inaonekana kwa aliyeingia kwenye akaunti tu; kazi inayoendeshwa bila mtu kuingia haiijui Z:. Andika njia nzima inayoanza na mistari miwili ya nyuma (\\) na jina la kompyuta. Flashi nazo leo ni E:, kesho mtu kachomeka simu, imekuwa F:. Kwenye «Gestion des disques» unaweza kuipa flashi ya kazi herufi ya mbali, mfano R:, na mara nyingi itaishika.

Ya tatu: siri zimefungwa kwenye akaunti nyingine. Nywila uliyoiweka kwenye hifadhi ya siri ya Windows ukiwa umeingia wewe haionekani kwa akaunti ya SYSTEM wala ya mwenzako. Vivyo hivyo faili ya Export-Clixml yenye nywila: inafunguka kwa mtu yuleyule kwenye kompyuta ileile tu. Ukiihamisha kwa flashi kwenda kompyuta ya pili, umebeba kopo lisilo na kifunguo. Ingia kwenye akaunti itakayoendesha kazi, weka siri ukiwa humo. Na tafadhali, usikate tamaa ukaandika nywila ndani ya skripti. Skripti ndiyo kitu cha kwanza tunachogawiana kwenye WhatsApp.

Ya nne inawahusu wanaotumia roboti ya kubofya, ile inayosogeza kipanya na kuandika kwenye fomu kama mtu. Hiyo inahitaji skrini iliyo wazi. Akaunti ikifungwa, au kazi ikiendeshwa bila aliyeingia, hakuna dirisha la kubofya. Chagua kazi iendeshwe mtu akiwa ameingia tu, zuia skrini isijifunge saa za kazi, na ukubali kwamba mlango wa ofisi sasa ndio ulinzi wako. Kama inabofya pembeni ya kitufe, mtu kabadilisha ukubwa wa maandishi kutoka asilimia 100 hadi 125, au kachomoa skrini kubwa. Kama inaandika q badala ya a, kibodi imehama kati ya AZERTY na QWERTY.

Kwenye Linux chanzo karibu kila mara ni PATH, orodha ya folda zinamotafutwa programu: cron inajua folda chache mno kuliko wewe. Andika njia kamili ya python na ya kila programu.

## Dalili: inaanza, haimalizi

Nenda kwenye kompyuta utazame skrini kwa macho yako. Mara nyingi kuna kidirisha kinangoja mtu: Excel inauliza kama irudishe faili zilizokatwa na umeme, printa inadai karatasi, Office inakumbusha leseni. Roboti haioni kidirisha. Inangoja.

Kinachokera ni kinachofuata. Planificateur kwa kawaida haianzishi kazi ya pili wakati ya kwanza inaendelea, na imepewa ruhusa ya kungoja siku 3 kabla ya kuikata. Kidirisha cha Ijumaa kinakula kazi ya Jumamosi na ya Jumapili, na safu ya matokeo inaonyesha 0x41301 kana kwamba mambo ni mazuri. Kazi inayochukua dakika kumi, ipe saa 1 tu.

Sababu ya pili ni EXCEL.EXE zilizobaki. Kila roboti inapokufa katikati inaacha Excel isiyo na dirisha, imeshikilia faili. Fungua «Gestionnaire des tâches» uzihesabu. Siku moja nilikuta kumi na nne. Skripti ifunge Excel hata ikishindwa. Kama kazi yako inasoma safu na kuandika safu tu, iache Excel kabisa, tumia maktaba inayosoma faili yenyewe.

Ya tatu: faili ya kufuli. Wengi tunaandika faili ndogo kusema «kazi inaendelea, usianze nyingine». Umeme ukikatika, faili inabaki, na kazi haitaanza tena mpaka mtu aifute. Ndani ya faili hiyo andika namba ya mchakato na saa, na skripti ichunguze kama mchakato huo bado upo kabla ya kutii.

Ukiona «database is locked» kwenye SQLite (hifadhidata ya faili moja), tafuta programu ya pili iliyofungua faili hiyo. Kama faili iko kwenye folda ya mtandao, ihamishe iwe kwenye diski ya kompyuta yenyewe.

## Dalili: faktire zimeingia mara mbili

Hapa sitaharakisha, kwa sababu kosa hili nililifanya mwenyewe na mtu alilipia.

Depo moja ya Kadutu, mafuta ya kula na sabuni. Kila jioni skripti yangu ilichukua faktire za siku, ikazipeleka moja moja kwenye programu ya stoki. Jioni hiyo zilikuwa 31. Umeme ulikatika baada ya ya 17. Uliporudi, kazi ilianza upya, kama nilivyoiagiza, kuanzia ya kwanza. Kesho yake sabuni ilikuwa imepungua chini ya sifuri kwenye stoki, na katoni zimepangwa mbele yangu hadi dari. Mama mwenye depo hakupiga kelele. Alileta daftari lake la karatasi, lile nililokuwa nimemwambia aliache, akaweka kidole kwenye mstari na kuniuliza: «Sasa niamini lipi?»

Sababu ya kawaida ni hiyo: kazi haikumbuki ilipofika. Tiba ni jedwali dogo, SQLite inatosha, lenye namba ya faktire, hali yake na saa. Hali ni tatu: inangoja, imeanza, imeisha. Kabla ya kupeleka faktire unaandika «imeanza». Baada ya kuthibitisha kwamba imepokelewa unaandika «imeisha». Namba ya faktire iwe ya pekee, jedwali likatae namba ileile kuingia mara ya pili. Ikiamka baada ya umeme, skripti inaruka zilizoisha, inachukua zinazongoja, na ile moja iliyokwama kwenye «imeanza» haiigusi: inaiandika kwenye orodha ya kuonyeshwa mtu. Yawezekana ilifika, yawezekana haikufika, na skripti haina njia ya kujua.

Sababu ya pili: watu wawili. Mmoja kaona ripoti imechelewa kaibofya kwa mkono, na Planificateur nayo ikaiamsha. Jedwali hilohilo linazuia, ukiongeza faili ya kufuli.

Ya tatu, na ni adimu, faili ya hali yenyewe imekatwa katikati wakati wa kuandikwa. Usiandike juu ya faili ya zamani. Andika mpya yenye jina lingine, hakikisha imefika kwenye diski, ndipo uibadilishe jina ichukue nafasi ya ya zamani. Kwenye Python ni os.replace.

Simama hapa: kama kazi inagusa pesa zilizokwisha kutoka, mishahara au malipo ya simu, usijaribu kusahihisha kwa skripti nyingine. Zima kazi, nakili faili zote kama zilivyo, mwite mhasibu akae nawe. Skripti ya kurekebisha iliyoandikwa kwa hofu saa nne usiku ndiyo iliyonipa kosa langu la pili wiki ileile.

## Dalili: hesabu na majina yameharibika

Windows ya Kifaransa inatenganisha desimali kwa koma na safu za CSV kwa nukta-mkato. Skripti nyingi tunazochukua zimeandikwa na watu wanaotumia nukta na koma. Dola 12,50 kwenye Python itakataa, na hiyo ndiyo bahati. Kwenye JavaScript, parseFloat inarudisha 12 kimyakimya. Na skripti inayofuta koma zote kwanza inakuletea dola 1250. Taja kitenganishi wazi kila unaposoma na kila unapoandika. Usiache kompyuta ikisie.

Kuna na nafasi isiyo nafasi. Franka 1 250 000 ikitoka kwenye programu ya Kifaransa, pengo kati ya tarakimu si ile nafasi ya kibodi. Ni herufi nyingine inayofanana nayo kwa macho. Ukifuta nafasi za kawaida, hiyo inabaki na namba inakataliwa. Futa kila kisicho tarakimu, koma wala alama ya kutoa.

Jina «Société» likigeuka «SociÃ©tÃ©», faili imeandikwa kwa usimbaji wa herufi wa UTF-8 na imesomwa kama ule wa zamani, Windows-1252. Ukitaka Excel iisome sawa ikibofywa, iandike kama utf-8-sig.

## Dalili: inalalamika kwamba kifurushi hakipo

Usishushe kwenye kompyuta ya kaunta ukala mega za mteja. Tafuta kompyuta yenye mtandao mzuri, yenye toleo lilelile la Python na Windows ya biti zilezile, kisha:

pip download -r requirements.txt -d vifurushi

Beba folda ya vifurushi kwa flashi, na kwenye kaunta:

pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt

Ikisema «No matching distribution found», matoleo hayafanani. Kuhangaika zaidi hakusaidii. Linganisha python --version pande zote mbili.

Roboti za kivinjari zina lao. Chrome inajisasisha ikipata mtandao hata kidogo, na chromedriver uliyoiweka (dereva ambayo roboti inaiendeshea Chrome) inabaki nyuma: «session not created», ikifuatiwa na namba mbili zisizolingana. Selenium, maktaba ya kuendesha kivinjari, tangu 4.6 inajua kujitafutia dereva, lakini kwa kuishusha mtandaoni. Kwa kompyuta isiyo na mtandao wa kutegemewa, weka Chrome for Testing na dereva yake ya namba ileile, pembeni ya Chrome ya watu. Hiyo haijisasishi.

## Dalili: roboti ya UiPath inadai Orchestrator

UiPath ni programu ya kujengea roboti, na Orchestrator ndiyo seva yake. Mradi ulijengwa penye seva, umeletwa pasipo seva. Shughuli za Get Asset, Get Credential, Add Queue Item na Get Transaction Item zote zinaiita Orchestrator na zitashindwa. Kwenye mradi wa REFramework, kiolezo cha UiPath, futa safu zilizo kwenye karatasi ya Assets ya Config.xlsx, thamani zake zihamishie karatasi ya Settings, nywila ziende kwenye hifadhi ya siri ya Windows. Foleni ibadilishe iwe jedwali: aina ya TransactionItem kutoka QueueItem iwe DataRow, na GetTransactionData isome safu moja baada ya nyingine. Umepoteza kumbukumbu ya hali iliyokuwa inatunzwa na foleni, kwa hiyo rudi kwenye jedwali la hali tatu hapo juu. Ukichapisha mradi kwenye kompyuta yenyewe, vifurushi vinakaa C:\ProgramData\UiPath\Packages. Leseni ishughulikie siku una mtandao, usingoje uwe kaunta.

## Dalili: nilikwisha kuitengeneza, lakini kosa limerudi

Umetengeneza nakala moja. Inayoendeshwa ni nyingine. Tafuta kwenye diski: kazi.py, kazi_mpya.py, kazi_final.py, kazi_final_vrai.py. Angalia kwenye «Actions» ni ipi inayoitwa. Kisha acha kuhamisha faili moja moja. Git, programu ya kutunza matoleo ya faili, haihitaji seva: git bundle create kazi.bundle --all inakupa faili moja yenye historia yote, unaibeba kwa flashi, na upande wa pili git clone au git pull kutoka kwenye faili hiyo.

## Wakati wa kuacha kibodi

Diski inayogonga tik-tik: zima mara moja. Usiendeshe chkdsk, usijaribu «mara ya mwisho tu». Kila dakika inayozunguka inazidi kujikwaruza. Mpe anayeokoa data, na mwambie mteja bei kabla hujaondoka nayo.

Betri ya laptopu iliyovimba hadi kuinua kibodi: chomoa, usiitoboe, usiichaji, iweke mbali na karatasi. Harufu ya kuungua kwenye onduleri au jenereta ni ya fundi umeme. Mtu wa skripti hana lake pale. Na umeme ukirudi baada ya delestaji, ngoja dakika chache ndipo uchomeke kompyuta, maana mara nyingi unarudi kwa kishindo.

Windows ikiamka inadai ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski la Windows) wa tarakimu 48, usibahatishe na usisakinishe upya. Mara nyingi ufunguo uko kwenye akaunti ya Microsoft ya aliyeiweka kompyuta mara ya kwanza, na huyo yawezekana ni kijana aliyeondoka depo miaka mitatu iliyopita. Mtafuteni kwanza.

Faili zote zikibadilika majina na barua ya kudai pesa ikiwa kwenye skrini, chomoa waya wa mtandao na flashi zote. Flashi yako usiichomeke humo, hata kwa ajili ya kusaidia: jioni utaichomeka kwa mteja mwingine.